Ugonjwa Usio na Sindano

Dima alianza kwa kuliogopa lango la boma. Ngamia jike mzima, mwekundu, mpole tangu utotoni, jioni alisimama pale akitetemeka, na akisukumwa aingie anaanguka kwa magoti. Mwenyewe, mzee Abduba Doyo wa Biliqo, alidhani ni kupe. Akampaka dawa, akamdunga sindano, akamsomea dua. Haikusaidia. Dima akazidi kukonda, akawa anasaga meno, mwishowe akaanza kumpiga mateke ndama wake kila akija kunyonya. Hapo Abduba akapiga simu Isiolo mjini.

Daktari wa mifugo aliyekuja aliitwa Nasteha Warsame.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam, binti yangu. Mtazame huyu. Ndiye mama wa ngamia wangu wote."

Nasteha alimtazama kwa muda mrefu akitembea, akipepesuka, akianguka.

"Kuna ugonjwa wa ubongo umeonekana kwa ngamia kule kaskazini mwa Afrika," akasema. "Naogopa ni huo. Lakini damu haitaniambia kitu. Nahitaji ubongo wenyewe."

"Yaani afe kwanza ndipo ujue anaumwa nini?"

"Ndiyo, mzee."

Abduba alimchinja kwa mkono wake. Majirani walikuja na mabeseni, maana kiangazi kilikuwa kimewabana na nyama ilikuwa haijaonekana siku nyingi. Nasteha akakataa isiguswe. Wanawake wakamtukana kwa Kiborana, naye akasimama hapo mpaka mzoga ukafukiwa kwenye shimo refu. Kichwa alikipeleka Nairobi.

Majibu yalipotoka hakupiga simu. Alirudi Biliqo mwenyewe.

"Ni huo," akamwambia Abduba na mkewe, Sadiya.

"Dawa yake?" Sadiya akauliza.

"Hakuna, mama. Chanjo pia hakuna. Si mdudu wa kuuawa. Ni protini ya ubongo imepinda, na ikipinda inazipinda zingine. Hata udongo alipolala mgonjwa unaweza kuubeba miaka."

"Hawa wengine basi, wapime."

"Aliye hai hatuna namna ya kumpima tukawa na hakika. Nachoweza ni kujaribu kuzuia usienee. Watoto wengine wa Dima wako wapi?"

Mborana akijaliwa mifugo, humkopesha ngamia wa maziwa ndugu aliyepoteza wake, ili watoto wasilale njaa. Baada ya ukame mkubwa Abduba aliwagawa mabinti wa Dima: mmoja kwa dada yake Abiba huko Korbesa, mwingine kwa shemeji, mwingine kwa mjane wa Merti.

"Nilidhani natoa baraka," akasema.

Wakaanza na Korbesa. Abiba aliwapokea kwa furaha, akawaletea maziwa ya ngamia yuleyule. Abduba alikishika kibuyu mkononi, asinywe. Nasteha akaeleza yote.

"Na haya maziwa," Abiba akauliza, "yatatuua?"

"Sijui, mama. Hakuna aliyethibitisha kwamba yanadhuru watu, na siwezi kukuapia kwamba hayadhuru."

"Mnyama anakula, anatembea, anakamuliwa. Nimuue kwa sababu ya sijui? Serikali itanipa mwingine?"

"Nimeomba. Hawajanijibu."

"Abiba," Abduba akasema, "mimi niliyekupa ndiye nakuomba."

"Kaka, wajukuu zangu wanne wanamtegemea huyo. Ukimchukua, watakunywa nini? Chai ya rangi?"

Mwishowe Abiba akakubali kumtenga ngamia huyo na wa majirani mpaka daktari apate fidia ya kumlipa. Shemeji na mjane wa Merti nao wakaahidi vivyo hivyo.

Abduba alirudi nyumbani akachinja ngamia wake wote, wazima kwa macho. Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kuwanunua awapeleke soko la Oldonyiro bila kuuliza, Abduba akamfukuza. Sadiya hakumlaumu. Alikaa tu ndani, hakutaka kusikia vilio vyao.

Jibu la serikali lilikuja baada ya wiki nyingi: fungu la fidia hakuna. Hata hivyo Nasteha alimchukua Abduba wakaenda tena Korbesa, wamsihi Abiba upya. Walikuta boma tupu. Ilisikika kwamba mvua imenyesha mbali, na watu walikuwa wamehama kuifuata.

Waliwafikia kwenye visima vya huko. Ngamia walikuwa wamejaa mpaka upeo wa macho, wa Waborana na wa Wasomali, wakinywa kwenye hori moja, wakilamba chumvi moja. Abiba aliwaona, akainamisha uso.

"Ningebaki na nani, kaka? Kisima cha nyumbani kilikauka."

Nasteha alitembea katikati ya makundi, akitafuta anayetetemeka. Aliwaona wawili. Hawakuwa wa Abiba. Aliwauliza wenye ngamia hao walitoka wapi, nao wakataja malisho ambako yeye hajawahi kufika.

"Sasa tufanye nini?" Abduba akauliza.

Nasteha akageuka kuwatafuta tena wale wawili. Wachungaji walikuwa tayari wanawaswaga ngamia walioshiba maji, kila kundi na upande wake.