Kikombe cha Jory

Kwa jina la Mola aliyemfinyanga mja kwa udongo kisha akampulizia roho, nasimulia. Wanaohusika na kisa cha siku ile katika jumba la sanaa la Falmouth ni watatu: Bibi Thirza Nancarrow, mfinyanzi aliyewapita wenzake wote wa Cornwall kwa ustadi, ambaye maonyesho yale yalikusanya kazi zake za umri mzima, Kerensa, bintiye, na Bwana Crabbe, msimamizi. Wa nne, Jory, mumewe Thirza, alikuwa kaburini.

Thirza hakutulia. Alipita baina ya makabati ya vioo, akarudi, akazunguka tena, fimbo ikigonga sakafu.

"Mama, keti basi! Watu wamekuja kukutazama, si kukimbizana nawe."

"Nikiketi watanidhani mtungi, wanitie kabatini."

Alitafuta kikombe kimoja tu, alichokubali shingo upande kukiazimisha. Jory alikinywea chai kila asubuhi hadi kufa kwake. Rangi ya kung'aa ya kikombe hicho ilikuwa na nyufa laini kama unywele, nazo zilikunywa chai pamoja naye, zikafuma mtandao wa hudhurungi. Hapana picha ya Jory ambayo Thirza aliipenda kuliko mtandao ule.

Alikikuta katikati ya ukumbi. Cheupe pe.

"Cha Jory kiko wapi?"

Bwana Crabbe akatabasamu kwa fahari. "Ndicho hicho, Bibi Nancarrow. Kilikuwa na madoa mno. Tumekilaza dawani hadi kikatakata."

"Umemwosha mume wangu, bwana. Umemmwaga kwenye karo."

Uso ukamsawijika Bwana Crabbe. "Sikujua, Bibi. Wallahi sikujua."

"Fungua kabati."

"Lakini vyombo vya maonyesho haviguswi…"

"Hicho nilikigusa kingali tope!"

Akafungua. Thirza akakichukua hadi mgahawani mwa jumba, akaagiza chai iliyokolea. Akanywa, akachungulia ndani. Weupe. Akajaza tena, akanywa akiwa wima, akaketi, akainuka.

"Mama, mtandao ule hautarudi leo."

"Najua. Baba yako ilimchukua nusu ya umri wake. Mimi nitautoa wapi?"

Kerensa alikitwaa kikombe mkononi mwa mamaye, akakimaliza, akakisogeza mbele.

"Nimiminie tena, Mama. Kuanzia kesho, kila asubuhi, ni zamu yangu."

Thirza akamimina, fimbo ingali ikigonga sakafu.

Mola amrehemu aliyetangulia, na awape umri na subira waliobaki na kikombe cheupe mkononi. Amina.