Mpagazi Taruhei Hatoki

Saa nne asubuhi ya Jumamosi hiyo, foleni ilikuwa imeshajaa ngazi zote za Kasuku, jumba la michezo ya video la Nipponbashi mjini Osaka. Wa saba kutoka mbele alikuwa mama wa miaka hamsini na mmoja, amevaa aproni, uso umekunjamana kama mtu aliyekuja kudai haki yake.

Jina lake ni Mitsue Kurahashi, na siku za kazi huwapikia watoto wa shule chakula cha mchana. Ndani ya Kasuku jina hilo halijulikani. Huko anaitwa Kitunguu, kwa kuwa ndivyo anavyojiandika kwenye daftari linalofungwa kamba pembeni ya mashine. Wachezaji huandika humo walichokigundua, hulalamika, hujisifu na kuchora vikatuni. Kitunguu ameandika humo miaka kumi na saba, na aliyewahi kusemwa na kalamu yake hasahau upesi.

Siku hiyo kampuni ilikuwa imeleta mashine mbili za Uwanja wa Majivu wa Pili, mchezo wa mapigano ambao ulikuwa haujatoka bado, ili watu waujaribu na kutoa maoni. Picha marufuku, simu zote zikabaki kwenye mfuko mlangoni. Basi daftari lilifunguliwa kamba likaanza kutembea kwenye foleni, mkono kwa mkono. Aliyetoka kucheza aliandika, waliokuwa wakisubiri wakasoma.

Kitunguu alikuwa na shida moja tu, nayo ni Taruhei. Taruhei ni mpagazi wa soko la samaki, kitambi mbele, taulo shingoni, mzito wa kutembea. Ana kofi moja la polepole, ila likimpata mtu, mtu huyo hujikuta akitafuta meno chini. Tangu mchezo wa kwanza Kitunguu hajawahi kumchagua mpiganaji mwingine.

Kando ya mashine palitundikwa ubao wenye majina. Binti wa kampuni, Shirosaki, alikuwa ameshika kalamu nene.

"Kila anayekaa namwekea mstari kwenye mpiganaji aliyemchagua," alieleza. "Wapiganaji ni wengi mno. Watatu watakaokuwa na mistari michache kuliko wote hawatakuwemo mchezo ukitoka."

"Hata Taruhei?"

"Hata Taruhei, mama."

"Haya, andaa wino," alisema Kitunguu, akakaa.

Mashine hupeana migongo, humwoni unayepigana naye, lakini Kitunguu alimtambua mara moja kwa uchu wake. Alikuwa Soksi, dereva wa teksi, mpinzani wake wa siku zote. Alikuwa amemchukua Mozuka, binti mpya wa panga mbili aliyekuwa akiruka huku na huko bila kuchoka. Taruhei alikula vipigo. Kitunguu alitafuta ile kinga yake ya zamani, ya kupangua pigo kwa kiganja, hakuiona. Walikuwa wameiondoa! Badala yake waliweka kitufe chekundu. Ukibakiwa na uhai kiduchu kinawaka, ukikibonyeza unafufuka na dhoruba ya moto inameza nusu ya uwanja, hata kama hujui kupigana kabisa.

Kitufe kikawaka chini ya kidole gumba chake. Kitunguu alikikunja kidole hicho ndani ya ngumi. Taruhei akaanguka.

Kichwa cha Soksi kilichungulia kutoka upande wa pili.

"Dada Kitunguu, kile kitufe hakiumi!"

"Kibonyeze wewe. Mimi sikuja hapa kufufuliwa."

"Taruhei ndiyo basi tena, wameshammaliza. Chukua Mozuka, utakaa kitini mpaka mchana."

"Nikae nifanye nini? Nibonyeze tu kama napiga kengele mlangoni kwa jirani?"

Foleni nzima ilicheka, na Kitunguu akapanda ngazi kurudi mkiani. Hapo ndipo ulipokuwa ubaya wenyewe. Ukishinda unabaki kitini, ukishindwa unarudi nyuma, na ni saa moja na nusu ya kusimama kwa dakika tatu za kucheza. Kwa hiyo wote walimpenda Taruhei kwa mdomo, ila vidole vyao vilikwenda kwa Mozuka. Jambo hilo lilimkera Kitunguu kuliko kushindwa kwenyewe. Aliandika: "Taruhei kanyang'anywa kinga. Kofi lipo. Kitufe chekundu ni cha wavivu, na wenye kukipenda tunawajua. Narudi."

Akarudi, akashindwa. Lakini safari hiyo aliona kitu, akakiandika: mtu akibonyeza kitufe, mpiganaji wake kwanza huinua mikono na kucheka, ndipo dhoruba itoke. Mara ya tatu alijaribu kumpiga wakati huo huo wa kicheko, akachelewa, akaandika kwamba amechelewa. Mara ya nne alirudi nyuma hatua nusu na kulianza kofi mapema, kabla mwenzake hajabonyeza. Mozuka akainua mikono, akacheka, na kofi likamkuta kifuani. Pa! Watu walipiga kelele zikasikika hadi chini barabarani. Aliyefuata alimshinda Kitunguu bila huruma, lakini alilotaka alikuwa amelipata, akaliandika lote kwenye ukurasa wa tatu.

Shirosaki alimsogelea.

"Mama, Taruhei ana mistari minne, na yote ni yako," alisema kwa sauti ya chini. "Mpiganaji wa juu yake, Mtawa wa kengele, ana saba. Asipompita huyo, anaondoka."

"Najua kuhesabu, mwanangu. Wa tano uko njiani."

Alikula tonge lake la wali na plamu ya chumvi akiwa amesimama, miguu inamuuma. Daftari lilipomfikia tena, alikuta mtu amemchora Taruhei na kile kitambaa cha pembetatu ambacho maiti wa huko huvalishwa kwenye paji la uso. Alikuwa ameshazikwa! Kitunguu alihisi machozi ya hasira. Akatoa kalamu, akakirefusha kitambaa kile, akakizungushia mafundo na mistari mpaka kikawa taulo la kazi, akalipitisha daftari mbele.

Ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni alipokaa kwa mara ya tano. Mpiganaji anapochaguliwa, mashine hutangaza jina lake kwa sauti.

"Taruhei!" ilitangaza mashine yake.

"Taruhei!" ikajibu ya upande wa pili.

Kitunguu alidhani ni dhihaka. "Unanichezea akili, siyo?" alisema, akaingia kwa nguvu zote. Lakini aliyekuwa kule hakuwa akitania. Alijua kungoja. Wapagazi wawili walizungukana, kofi kwa kofi, mpaka wote wakabakiwa na uhai kiduchu, na vitufe viwili vyekundu vikawaka pamoja. Kitunguu hakubonyeza. Alingoja moto kutoka kule, haukuja. Mwenzake alirudi nyuma hatua nusu, ile ile ya ukurasa wa tatu, na Kitunguu akaelewa akiwa amechelewa. Pa!

"Haya, mzigo umefika!" alipaza sauti Taruhei wa upande wa pili, kama anavyofanya akishinda.

Kichwa cha Soksi kilijitokeza taratibu.

"Sikukibonyeza."

"Nimeona."

"Niliposoma kile ulichoandika, nikaona aibu. Wewe umeshinda ngazini kutwa nzima, mimi nimekaa kitini na Mozuka."

"Miaka yote hiyo naandika, leo ndiyo umejua kusoma?" Alitaka kulia, na alitaka kumpiga na daftari, vyote kwa pamoja.

Sasa mistari ilikuwa sita. Shirosaki alimpa fomu ya maoni, naye akaketi kwenye meza ndogo akizipa mashine mgongo, maana hakutaka kuona. Swali la kwanza liliuliza kama kitufe cha kufufuka kilimfurahisha. Aliandika "Hapana" kwa nguvu, karatasi ikachanika. Nyuma yake mtu mwingine alikaa.

"Taruhei!"

Kalamu ya Shirosaki ililia ubaoni. Saba. Aliyefuata alimchagua Mozuka, na watu wakamzomea mpaka akaomba radhi. Kisha akakaa binti mmoja aliyekuwa na wino wa daftari vidoleni.

"Taruhei!"

Nane, na Mtawa wa kengele alikuwa bado na saba. Kitunguu alijifuta macho kwa aproni na hakujali nani anamwona. Swali la mwisho la fomu liliuliza kama ana la kuongeza. Aliandika: "Nimeshindwa mara tano, na sikufufuka hata mara moja. Sasa mrudishieni kinga yake."

Alimkabidhi Shirosaki fomu, akakaza mkanda wa aproni na kuanza kupanda ngazi kwenda mkiani mwa foleni.

"Mama, tunafunga baada ya dakika kumi!" Shirosaki alimwita. "Zamu haitakufikia!"

"Nitasimama tu," alisema Kitunguu, akamnyooshea mkono aliyekuwa mbele yake ampe daftari.