Kimya, Mtihani Unaendelea

Karatasi ilibandikwa kwa plasta ya vidonda, ile nyeupe ya hospitali, kwenye mlango wa chumba cha mwisho cha wodi ya wanawake: KIMYA. MTIHANI UNAENDELEA. Waliopita waliisoma mara mbili. Mgonjwa mmoja aliyekuwa akijikongoja kuelekea msalani alisimama, akaisoma kwa sauti, kisha akaniuliza kama siku hizi mtu akitaka kupona ni lazima kwanza atahiniwe. Nyuma ya mlango ule alikuwamo mama yangu, na daktari alikuwa ametuambia tusihesabu wiki, tuhesabu siku.

Nilikuwa nimekaa verandani kwenye kiti cha plastiki, mahali pekee ambapo niliweza kumwona kupitia kioo kidogo cha mlango: bega, kitambaa cha kichwani, na mkono unaoandika. Jua la mchana lilikuwa limenikalia utosini. Mama mdogo aliniita kivulini mara kadhaa, nikakataa. Nilikuwa na hasira, na ukiwa na hasira kama ile hutaki mtu akusogeze hata kidogo.

Mama alikuwa mfuaji wa hospitali hiyo hiyo. Habari za chuo zilimkuta kwenye mashuka. Kilikuwa chuo cha kusoma kwa mbali, makao yake makuu yako mji mkubwa, na wakati ule kilikuwa kinatafuta washirika mikoani: hospitali itoe chumba, chuo kilete vitabu na mratibu, watu wa kawaida wasome bila kuacha kazi zao. Siku ya kutiliana saini wakubwa walifika, mpiga picha akafika, viti vikapangwa. Waliokosekana ni hao watu wa kawaida. Basi mtu akatumwa mbio kwenye chumba cha kufulia, wafuaji wakaambiwa wafute mikono waje wajaze viti. Mama alikaa mbele kabisa. Picha ikapigwa, wenzake wakarudi kwenye mashine, yeye akabaki pale pale na kumwuliza mratibu masomo yanaanza lini.

"Mama, hii ilikuwa ya picha tu," mkuu wake wa kazi alimnong'oneza.

"Picha mmeshapata. Mimi nimeuliza masomo."

Alichagua historia. Nyumbani tulivunjika mbavu. "Dada, historia ya nini tena," mama mdogo alimwambia, "na wewe mwenyewe umeshakuwa historia?" Kazini wakamwita Profesa. Profesa, mashine imejaa. Profesa, mashuka ya wodi ya wazazi hayo. Hakuwa mwanafunzi mzuri, na nasema hivyo kwa mapenzi. Ukurasa aliousoma leo kesho ulikuwa umemtoka. Mitihani mingine aliipita kwa kukwaruza, mingine akairudia mpaka mratibu akamwonea huruma. Lakini kila Jumamosi alioga, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kwenye kile chumba cha masomo kilichokuwa ukuta kwa ukuta na mashine zake za kufulia, na kurudi jioni akiwa amechoka kama mtu aliyetoka safari. Mratibu mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, asiyecheka ovyo. Kwa kuwa ndiye aliyeleta mitihani katika bahasha zilizopigwa muhuri na kuisimamia, wafuaji walimpa jina la Bwana Bahasha.

Ugonjwa ulipomwangusha Mama alikuwa amebakiza mtihani mmoja. Makubaliano ya chuo na hospitali yaliruhusu mwanafunzi aliyelazwa afanyie mtihani kitandani, msimamizi akiwa peke yake naye chumbani, ndugu wote nje. Nadhani kipengele hicho kiliwekwa kupamba makubaliano. Hakuna aliyekuwa amewahi kukitumia. Mama alikikumbuka.

Asubuhi ya mtihani muuguzi alileta sindano ya maumivu, Mama akaikataa. Ilimtia usingizi na kumvuruga kichwa. Siku zile, kati ya maumivu na dawa, ilikuwa imembakia nafasi ndogo tu ya akili kutulia, na nafasi hiyo ndiyo niliyokuwa naingoja. Nilikuwa na mambo ya kumwambia. Nilitaka anishike mkono akijua kwamba ni mimi.

"Mama, hata ukifaulu, utaifanyia nini?"

"Aliyejiandikisha ni mimi, si ugonjwa," alisema. "Nifunge kitambaa vizuri, halafu utoke."

Nikamfunga, nikatoka shingo upande. Bwana Bahasha akabandika karatasi yake, akaingia, akafunga mlango.

Kwa hiyo nilikaa juani nikimtazama mama yangu akimpa mtu mwingine saa zangu. Niliuona mkono ukiandika. Baadaye sikuuona ukitembea, nikadhani ni mwanga wa kioo unaonichezea. Wafuaji wenzake walipita na toroli la mashuka machafu. Walipofika mlangoni wakaisoma karatasi, wakatazamana, kisha wakalinyanyua toroli lile zima mikononi na kulibeba hadi mwisho wa veranda ili magurudumu yasipige kelele. Hapo nilitaka kulia, nikapiga moyo konde. Mwishoni kabisa niliona bega la Mama linatikisika. Niliruka kutoka kitini, mama mdogo akanishika nguo.

"Kaa. Watamfutia mtihani."

Mlango ulipofunguliwa, Mama alikuwa ameuma meno. Aliomba sindano kwa sauti ndogo, akachomwa, akalala. Aliamka mara chache baada ya hapo, lakini hakuwa tena na maneno, wala sidhani kama alitujua. Tulimzika wiki hiyo hiyo.

Matokeo yalikuja baada ya maziko. Amefeli. "Hata marehemu hawamwonei haya," mama mdogo alisema, tukacheka, tukacheka mpaka kicheko chenyewe kikageuka.

Nilikichukia chuo kile miaka mingi. Vijitabu vyake vya matangazo viliendelea kutoka na ile picha ya siku ya saini, Mama mstari wa mbele, mikono bado ina unyevu, na chini yake maneno: Tunawafikia waliko. Walimfikia kweli. Walimfuata mpaka kitandani.

Halafu ushirikiano ukafa, kimya kimya, jinsi mambo hayo yanavyokufa. Hospitali ilikitaka chumba chake. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mtunza stoo pale, funguo zote ziko kwangu, kwa hiyo Bwana Bahasha alipokuja kuchukua viti vya chuo ilibidi aje kwangu. Alikuwa amezeeka. Tulivitoa viti nje, tukavipanga verandani, na kwa kuwa gari la kuvibeba lilikuwa bado, tukavuta viwili tukakaa.

"Mama yako hakuandika muda wote," alisema. Sikuwa nimemwuliza.

Nikamgeukia.

"Kurasa mbili tu. Kisha akaweka kalamu chini. Nikamwambia, kama umemaliza, mama, nifungue mlango, watu wako wako nje. Akasema nisifungue. Akasema, wakiingia wataanza kulia, na mimi itabidi niwabembeleze. Niache kwanza niwe mwanafunzi."

"Mkaongea nini?"

"Msimamizi haongei na mtahiniwa. Nilimtangazia muda, basi. Imebaki nusu saa. Imebaki robo. Muda umekwisha, weka kalamu chini." Alitazama mikono yake. "Na kalamu ilikuwa chini zamani. Hapo ndipo alipocheka."

Maneno yale yaliniuma, siwezi kusema uongo. Mimi ndiye niliyekuwa mmoja wa hao wa kubembelezwa. Lakini niliyasikia kwa sauti ya Mama, na ilikuwa miaka tangu niisikie.

"Aliniona pale nje?"

"Alikuona. Na alinituma kwako. Alisema, huyo mtoto jua linampiga, mwambie asogeze kiti. Sikuweza. Msimamizi haachi chumba, wala hatoi nje neno la mtahiniwa. Kisha mlango ukafunguka, mambo yakawa yale uliyoyaona. Nimekaa nalo tangu siku ile."

Upande ule wa veranda ndio ule ule wa siku zile. Jua lilikuwa limevuka ukingo na kutupanda magotini. Gari lilikuwa bado halijafika.

"Basi niambie sasa," nikasema.

Bwana Bahasha alikohoa kidogo, akakaa wima kama anayetaka kutangaza muda.

"Mama yako anasema sogeza kiti."

Nikanyanyuka, nikakisogeza.