Mayai Yaliyotagwa Leo

Mwanangu Witness aliponipigia simu kuniomba mayai sita yenye mbegu, sikutaka aaibike chuoni. Nikayalaza chini ya kuku siku tano, kisha nikayamulika kwa tochi, kama tunavyofanya hapa Kinyangiri mtu akitaka mayai ya kutamisha. Nikamtengea yenye mishipa tu.

Jumamosi akafika. Baada ya shikamoo akamulika moja, akakaa chini.

"Mama, haya yameshachagua."

"Yamechagua nini?"

"Seli zake. Yai likitagwa leo, seli za kiinitete bado zinaweza kuwa chochote. Kila moja ina maelekezo yote ya kuku mzima, ila kuna protini zinazoamua yapi yanakiliwe na yapi yafungwe. Hizo ndizo ninazopima. Ukilipa yai joto, zinabadilika. Hii inashika njia ya moyo, ile ya mfupa. Humu moyo unapiga tayari."

"Basi nimekuharibia."

"Gari langu ni kesho saa nane, mama. Mashine nimepewa Jumatatu tu. Nikikosa mayai sita yaliyotagwa kesho hiyohiyo, narudia mwaka."

Jumapili asubuhi akaenda Iguguno kutafuta barafu ya kuyapoza mayai yasianze kuchagua. Mimi nikaketi mlangoni mwa banda. Yai likitagwa lazima litolewe palepale, la sivyo kuku mwingine analilalia. Kengele ya kwanza ya kanisa ilinikuta na mawili. Tangu nimzike baba yake Witness sijakosa ibada.

Jirani yangu Selina akapita na kitenge kipya.

"Mama Witness! Leo mchungaji wako ni jogoo?"

"Nenda, utuombee."

"Nikuombee wewe au kuku?"

"Kuku. Watage."

Alicheka mpaka barabarani. Kengele ya pili, manne. Nikasali sala ya toba palepale, macho wazi, maana tetea mwenye madoa alikuwa anazunguka kiota. Watu wanatoka kanisani, nina matano. Yule wa madoa akakaa, akasimama, akakaa tena. Sikumgusa.

Witness akarudi na barafu. Akahesabu kwa macho, akasimama nyuma yangu.

Kuku akainuka. Nikaingiza mkono, nikalitoa likiwa bado na unyevu.

"Saa ngapi, mama?"

"Saa saba na robo."

Akaandika saa juu ya ganda kwa penseli, akalifunga kwa kitambaa, akafunika boksi. Tukakimbilia barabarani, mimi peku.