Saa Waliyopimwa Panya

Shemeji yake, profesa, alikuja mchana, na hodi hakupiga. Aliusukuma mlango kama mwenye nyumba, akatupa bahasha mezani kando ya redio, ndipo akakumbuka kusalimu. Mtunza panya, aliyestaafu maabara miaka sita nyuma, hakuinuka. Alimwona dada yake, mke wa huyo profesa, akiingia nyuma na kukaa kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zamu hospitali.

"Shemeji, nina haraka. Tia sahihi hapo chini."

"Haraka yako na mimi wapi na wapi? Kaa."

Profesa hakukaa. Alieleza akiwa wima. Jarida lililochapa makala yake ya kwanza, ile ya dawa ya usingizi, limeandikiwa barua na mtafiti mmoja, msichana. Anauliza panya walipimwa saa ngapi. Jibu lisipofika Ijumaa, makala itafutwa. Na makala hiyo ndiyo mama wa zote: nyingine mia moja na kumi na mbili zimezaliwa tumboni mwake, na watafiti wa dunia nzima wameinukuu zaidi ya mara elfu nne.

Mtunza panya alivaa miwani, akasoma polepole. Karatasi ilisema kwamba yeye, Mtaalamu Mwandamizi wa Maabara, anathibitisha kuwa panya wote, waliopewa dawa na wasiopewa, walipimwa saa kumi na mbili jioni.

"Tangu lini nikawa mtaalamu? Mbele ya wanafunzi ulikuwa unaniita Mzoa Mavi."

"Ule ulikuwa utani wa mashemeji."

"Mbona mimi sikucheka?"

Ukweli walikuwa wanaujua wote wawili. Kizimba cha kupimia kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo panya waliopewa dawa walipimwa saa nne asubuhi, na wale wasiopewa wakangoja mpaka jioni. Sasa panya hulala mchana na kuchangamka giza likiingia. Saa nne asubuhi hata ungewanywesha maji matupu wangelala fofofo. Mtunza panya alilisema hilo wiki ile ile, kofia mkononi. Akajibiwa, "Wewe shughulika na maranda yako." Akarudi kubadilisha maranda vizimbani, na saa akaziandika kwenye daftari lake, siku kwa siku.

"Dawa yenyewe haijamdhuru mtu," profesa alisema.

"Wala haijamlaza."

"Sikiliza. Naandika makala mpya. Jina lako litafuata langu."

"Miaka thelathini na moja tangu makala ile, leo ndiyo unanivika kilemba cha ukoka."

Dada mtu akaingilia, bila kumtazama. "Kaka, mwezi ujao jengo la maabara linapewa jina lake. Kadi za mwaliko zimeshatoka. Unataka tuuweke wapi uso?"

"Hilo muulize aliyedanganya."

"Una wivu," profesa alisema. "Siku zote ulikuwa nao. Na nani atamwamini mzoa mavi mbele yangu?"

Mtunza panya alichukua kalamu. Akakikata kile cheo cha Mtaalamu Mwandamizi wa Maabara, akaandika juu yake: mtunza panya. Akaikata saa kumi na mbili, akaandika saa za kweli, kila kundi na yake. Kisha akatia sahihi kwa herufi kubwa.

"Sahihi uliyoifuata hii hapa."

Profesa aliisoma mara moja, akaichana vipande vinne, akaviachia sakafuni.

"Chana tu, shemeji. Yule msichana aliniandikia mimi kwanza. Daftari lote nimeshampelekea."

Dada yake ndiye aliyeuliza, "Lini?"

"Jumatatu."

"Leo Jumatano. Umetuacha tuje, tukae, tukubembeleze?"

"Wewe ulibembeleza. Yeye nilitaka nione ataandika saa ngapi."

Profesa alitoka, mlango akauacha wazi. Mke wake aliinama, akaokota vile vipande kimoja kimoja, akavitia mkobani. Akapita mbele ya kaka yake bila kumuaga.