Fidla Nne na Sanduku Jeusi

Gathogo alikuwa na baba mkali, fidla kubwa kuliko ndama, na Jumamosi moja tu ya kuwapatanisha.

Fidla aliachiwa na mama Mzungu aliyemfundisha kuipiga. Baada ya Uhuru mama huyo aliuza shamba lake la Kapseret akarudi kwao, na wanunuzi wakawa kampuni ya wanahisa. Mmoja wao alikuwa Mzee Gichuru, babake Gathogo. Basi baba akapata ardhi, mwana akapata fidla, na kila mmoja akamwona mwenzake mjinga.

"Hii ng'ombe yako inajaza nyumba na haitoi maziwa," Mzee alizoea kusema.

Gathogo alikuwa na wapiga fidla wenzake watatu: Maeve, mwalimu wa kujitolea kutoka Ireland, Fausto, Mgoa, mwana wa karani wa stesheni, na Rael wa Kiplombe, binti wa mchungaji, asiyeogopa mtu ila mamake. Walikuwa wamealikwa kupiga Kampala, mbele ya wajuzi. Bila ruhusa ya Mzee, kundi lingebaki kama kiti cha miguu mitatu.

Mzee akatoa sharti. "Jumamosi wanahisa tunakutana. Pigeni huko. Asipoondoka mtu mpaka mmalize, nenda Kampala. Akiondoka hata mmoja, hilo sanduku la fidla litalaliwa na kuku." Akatabasamu. "Na mimi nina ng'ombe wa kukama."

Siku ikafika na matope yake. Gari lilikwama, kwa hiyo Gathogo na Fausto wakabeba sanduku jeusi la fidla mabegani, Maeve na Rael wakiwafuata wamevaa nguo zao nyeusi za jukwaani. Wanahisa wakasimama, wakavua kofia. Gathogo akavimba kichwa: kumbe watu hawa wanaheshimu sanaa!

Gathogo akawapa watu mgongo, akatoa fidla, akafunga sanduku, wakaanza na wimbo wa polepole. Mama Nyaguthii, aliyeketi mbele, akamnong'oneza jirani kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Ni mtoto wa nani?"

"Sijui. Lakini ona vile Mzungu anajikaza asilie."

Gathogo akaelewa: walidhani sanduku ni jeneza. Akataka kusimama aeleze.

"Fungua mdomo uone," Rael alimwambia bila kuacha kupiga. "Piga!"

Katikati ya wimbo Mzee Gichuru aliinuka, akafunga vifungo vya koti, akaanza kuelekea langoni.

"Mzee, wapi?" Nyaguthii akauliza.

"Kukama."

"Maiti haijazikwa, wewe unakimbia? Kwani unajua kilichoiua?"

Vichwa vyote vikageuka. Pale, anayetoka mazishini kabla ya sala ya mwisho haulizwi sababu, watu humtungia.

"Hakuna maiti!" Mzee akafoka. "Hilo sanduku ni la fidla!"

"Hata wachawi huwa na maneno matamu."

"Mzee, keti," mwenyekiti akasema.

Mzee akaketi. Kwa mbali ng'ombe wake wakaanza kulia, viwele vimejaa.

Lo! Vijana wakapiga kila walichokijua, wakarudia, wakapiga na ambacho hawajakifanyia mazoezi. Hakuna aliyethubutu hata kwenda chooni. Mwishowe mzee wa kanisa akaomba, Gathogo akalaza fidla ndani ya sanduku, na Nyaguthii akachungulia.

"Kumbe ni yenyewe wanazika," akasema kwa huruma, akaitupia udongo kidogo.

Baba na mwana wakalibeba sanduku mpaka bomani.

"Kampala utaenda," Mzee akasema. Kisha akamkabidhi ndoo. "Lakini leo, fundi, unakama wewe. Wote."