Migono ya Kasian

Ukimwonyesha mgeni mwenye kalamu chungu kinachochemka, mwakani anarudi na mtoza ushuru. Watu wa bondeni, kando ya mto chini ya Kidodi, walilijua hilo tangu enzi za mkoloni, na uhuru haukuwabadilisha mawazo. Basi Onesphory alipofika kutoka chuo kikuu kutafiti jinsi wavuvi na wakulima wa mtoni wanavyopata riziki, mjumbe wa nyumba kumi, Melkizedek, alimtangulia mlango kwa mlango akiwaambia watu walie njaa.

Perpetua alilia vizuri kuliko wote. Kambale wakavu aliwaficha darini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu, ila sina hata cha kukukaribishia."

"Samaki mnapata?"

"Samaki gani, mwanangu? Mto umekufa huu. Na mahindi tunawalimia nguruwe."

Nyuma ya nyumba mumewe, Kasian, alikuwa akisuka kwa matete migono ya kutegea samaki huku amebana kicheko. Miguu yake ilipooza tangu alipoangukiwa na mti. Shambani hakufaa kitu, lakini mtoni alijiburuta mwenyewe, akatega, akategua, na kambale wake ndio walioilisha nyumba. Pale ukingoni alikuwa mwanaume kamili, na hakuna aliyethubutu kumwita kilema. Onesphory yeye aliona mlemavu na mama mwembamba, machozi yakamlengalenga. Perpetua alimwonea haya kidogo, kisha akasahau.

Mwaka ule wa sabini na nne malori yalishuka bondeni. Watu wote wahamie kijiji kipya cha ujamaa, huko juu mgongoni mwa mlima. Onesphory alikuja nayo, uso umemng'aa.

"Nimewasemea, mama. Wakubwa wamekubali kwamba hapa hapafai mtu kuishi."

Perpetua alikimbia mtoni, akauvuta mgono mmoja, akaja kuumwaga miguuni pa Onesphory. Kambale wakatapatapa kwenye vumbi.

"Tulikudanganya! Tunakula, tunashiba! Njoo uone darini!"

Kijana akatabasamu kwa huruma. "Kila ninakokwenda, samaki huonekana siku ya kuhama. Mmeshaizoea shida, mama yangu."

"Melkizedek, mwambie!"

Melkizedek aliwatazama mgambo na bunduki zao. "Ndugu mtafiti anaijua kazi yake," akasema. Perpetua alimchukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Mgambo wakatia moto paa ili asirudi mtu. Harufu ya samaki wa darini ikatanda bonde zima, na bado hakuna aliyejali. Kasian alibebwa mzobemzobe hadi kwenye lori, akawekwa juu ya magunia.

"Mke wangu, huko mto uko karibu?"

Perpetua alikuwa akipanda huko kusenya kuni. Alipajua: mawe, miiba na kiu.

"Karibu tu," akasema.

"Basi nipakilie matete yangu."

Akarudi, akalipita lile paa linalowaka, akayakusanya matete yote, akaja kumwekea mapajani. Lori lilipoanza kupanda mlima, Kasian alikuwa amekwisha kuanza kusuka.